Siri ya Bani Abi Shuaib: Elimu ya Dawa za Asili Mbele ya Daftari la Serikali

Ndugu msomaji, mas'ala tunayoyaleta katika kurasa hizi yanaonekana mapya, lakini mizizi yake ni ya kale. Nayo ni haya: jamii yenye elimu ya mitishamba waliyorithishana baba kwa mwana na mama kwa binti, ikifikiwa na serikali ya mahali pao na kutakiwa elimu hiyo iandikwe, isajiliwe au ifanyiwe utafiti, je, ifanye nini? Ikinyamaza, elimu huenda ikafa na wazee. Ikisema, huenda ikachukuliwa na wengine na wenyewe wasipate hata kutajwa. Sheria inasemaje juu ya haki yao? Na historia inatufundisha nini?

Tutatazama habari mbili. Moja ni ya Maghrib katika karne ya 7 Hijria, na ya pili ni ya milima ya Kerala, India, katika zama zetu. Kisha tutarejea kwetu.

Maneno yetu hapa ni juu ya majani, mizizi, magome na matunda, na namna ya kuyatengeneza. Ama ramli, mazindiko na mfano wa hayo, hukumu yake inajulikana na si maudhui yetu.

HABARI YA ATRILALI

Dhiyaud-Din Abdullah bin Ahmad, mashuhuri kwa jina la Ibn al-Baitar, alizaliwa Malaqa katika Andalusi na kufariki Dimishki mwaka 646 Hijria, sawa na 1248 Miladia. Huyu ndiye bwana wa elimu ya mitishamba katika Uislamu. Alitoka kwao akiwa kijana, akapita miji ya Maghrib pwani kwa pwani akikusanya mimea na kuwauliza wenyeji majina na manufaa yake, hata akafika Misri na kufanywa mkuu wa wajuzi wa mitishamba chini ya Sultani al-Kamil wa Bani Ayyub. Kitabu chake kikubwa, al-Jamiu li Mufradatil Adwiya wal Aghdhiya, kimekusanya vitu takriban 1,400 vya dawa na vyakula.

Katika kurasa za mwanzo kabisa za kitabu hicho anataja mmea uitwao atrilali. Anaeleza kuwa jina hilo ni la Kiberberi na maana yake ni mguu wa ndege. Mbegu zake ni dawa ya barasi, yale mabaka meupe yanayoila rangi ya ngozi. Mgonjwa hunyweshwa unga wa mbegu, kisha huanika juani mahali penye mabaka mpaka ngozi ifure malengelenge, na baadaye rangi hurudi.

Lakini kinachotuhusu zaidi ni historia anayoitaja. Anasema kuwa manufaa ya dawa hii yalidhihiri kwanza katika Maghrib ya kati, kwa kabila moja la Kiberberi liitwalo Bani Abi Shuaib, katika Bani Wajhan, kwenye wilaya ya Bijaya, ambayo leo ni Aljeria. Watu walikuwa wakiwaendea kutoka kila upande ili watibiwe. Na wao walikuwa wakiifanyia choyo, wakiwaficha watu, wala hawakumfundisha yeyote isipokuwa mrithi kutoka kwa mrithishaji. Ikawa hivyo mpaka Mwenyezi Mungu akawadhihirishia wengine, nao wakaieneza.

Angalia, ndugu msomaji, mambo matatu katika habari hii fupi. La kwanza, siri ya ukoo ilikuwa ndiyo ulinzi wao, na iliwapa riziki na heshima kwa zama nyingi. La pili, siri hiyo haikudumu. Na ilipotoka, haikurudi tena kwa wenyewe. La tatu, na hili ndilo la ajabu, mwandishi hakuwanyima haki yao ya kutajwa. Ibn al-Baitar katika utangulizi wake alijiwekea sharti la kuinasibisha kila kauli kwa msemaji wake na kuitaja njia aliyoipokea. Kama alivyomtaja Dioscorides na Jalinus kwa majina yao, ndivyo alivyowataja watu wa kabila la milimani ambao huenda hata mmoja wao hakuandika kitabu. Hii ni sanadi, adabu ileile ya wanavyuoni wa hadithi, imetumika katika dawa.

Je, yaliishia wapi? Katika miaka ya 1940, matabibu na wanakemia wa Misri waliirudia mbegu hii, ambayo wataalamu wa mimea wanaiita Ammi majus. Daktari Abdel Monem El Mofty wa Cairo aliijaribu kwa wagonjwa wa barasi, na Fahmy na wenzake wakafanikiwa kutoa ndani yake chembe safi ya dawa ambayo leo inajulikana kwa jina la methoxsalen. Chembe hiyo huifanya ngozi iwe nyepesi kudhurika na mionzi ya jua, na kwa hesabu maalumu ya mionzi hiyo rangi huamshwa. Mwaka 1974 matabibu wa Marekani walitangaza matibabu ya ugonjwa wa ngozi wa soriasisi kwa dawa hiyo pamoja na taa ya mionzi, nayo yakaenea hospitali za dunia. Ni matibabu yenye hatari zake, kuungua na hata saratani ya ngozi, kwa hiyo hufanywa kwa usimamizi wa daktari. Asije mtu akatafuna mbegu na kujianika kwa kusoma makala haya.

Dawa imewafikia mamilioni. Bani Abi Shuaib wamebaki na mstari mmoja katika kitabu cha Ibn al-Baitar. Mstari huo ni heshima kubwa, lakini sanadi hulinda jina, hailindi riziki. Na bila sanadi hata jina lingepotea.

JE, KUIFICHA NI HARAMU?

Hapa huulizwa: si imepokewa hadithi ya makamio makali kwa mwenye kuulizwa elimu akaificha? Basi vipi tuwatetee wanaoficha dawa?

Jawabu ni kuwa wanavyuoni hawakuichukua hadithi hiyo kwa kila aina ya elimu. Imamu al-Khattabi katika sherehe yake ya Sunan Abi Daud ameifasiri kuwa ni elimu ambayo ni lazima mtu afundishwe, kama vile anayetaka kusilimu akauliza Uislamu ni nini, au anayetaka kuswali akauliza namna ya kuswali. Ama elimu ambayo watu hawalazimiki kuijua, haimo katika makamio hayo.

Utabibu, kama alivyoueleza Imamu al-Ghazali katika Ihyaa, ni faradhi ya kutosheleza: wakiwepo wa kuusimamia, wengine wamesalimika. Kwa hiyo mwenye dawa ana wajibu wa kumtibu mgonjwa aliye hatarini ikiwa hakuna mwingine wa kumtibu. Lakini kumtibu mgonjwa ni jambo moja, na kumkabidhi mtu mwingine namna ya kuitengeneza dawa ili aende kuifanyia biashara ni jambo jingine kabisa. Wajibu wa kwanza haulazimishi wa pili.

Na kuchukua ujira kwa tiba hakuna ubaya. Kisa cha masahaba waliomzungua mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, wakapewa kundi la kondoo, na Mtume (s.a.w.) akakikubali kitendo chao, kinajulikana na kila mwanafunzi wa Bulughul Maram.

Je, elimu yenyewe ni mali? Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi wa zamani hawakuyahesabu manufaa kuwa mali kwa dhati yake. Shafi na jamhuri wameyahesabu kuwa ni mali. Al-Qarafi katika madhehebu ya Malik ameeleza kwamba warithi hurithi mali na yanayofungamana nayo, ama ijtihadi na akili ya marehemu hairithiwi. Wanavyuoni wa zama zetu wamejibu kuwa zao la akili likishatengana na akili huwa kama tunda lililotengana na mti: huuzwa, hukodishwa na kurithiwa. Mwaka 1409 Hijria, mwezi wa Disemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait katika kikao chake cha 5, lilipitisha azimio namba 43 kuwa jina la biashara, alama ya biashara, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali kwa desturi ya leo, sheria inazitambua, na haijuzu kuzivamia.

Azimio hilo linataja mtunzi na mvumbuzi. Elimu ya kabila zima iliyorithiwa vizazi kumi haina mtunzi mmoja anayejulikana. Lakini sababu ya hukumu iliyotajwa, yaani kuwa kitu kina thamani kwa desturi ya watu na kina wenyewe wanaojulikana, inapatikana hapa vilevile. Basi hukumu huifuata sababu yake. Na kwa kuwa wenyewe ni wengi, elimu hii inafanana na mali ya ushirika isiyogawanywa. Na mshirika mmoja hawezi kuitoa haki ya wenzake bila idhini yao. Akifanya hivyo huyo ni fudhuli, na muamala wake kwa upande wa wenzake haupiti bila ridhaa yao, bali katika kauli yenye nguvu kwetu Mashafi ni batili tangu asili.

Shika nukta hii, ndugu msomaji, kwa sababu ndiyo kisa kizima cha Kerala.

WAKANI NA MMEA WA AROGYAPACHA

Wakani ni watu wa asili wanaokaa katika misitu ya milima ya Agasthya, kusini mwa jimbo la Kerala. Si Waislamu, na haki haiulizi dini ya mwenye nayo. Usiku wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alimwacha Sayyidna Ali Makka ili awarudishie makuraishi amana zao, na wao ndio waliokuwa wanataka kumuua.

Mwezi wa Disemba 1987, wanasayansi wa India wakiongozwa na Dokta Pushpangadan waliingia katika misitu hiyo kuorodhesha elimu ya mimea ya makabila. Wakachoka kwa kupanda milima. Wakawaona Wakani waliokuwa wakiwaongoza njia hawachoki, na kila mara wanatafuna matunda fulani. Walipopewa wakayala, nguvu zikawarudia. Wakauliza ni mmea gani. Waongozaji walisita, kwa sababu hiyo ilikuwa siri ya kabila. Baada ya kubembelezwa na kuahidiwa, wakauonyesha: arogyapacha, ambao wataalamu wanauita Trichopus zeylanicus.

Utafiti uliendelea katika bustani na taasisi ya mimea ya serikali ya jimbo, huko Palode karibu na Thiruvananthapuram. Ikaonekana kuwa majani nayo yana manufaa. Ikatengenezwa dawa ya kutia nguvu, ikachanganywa na mimea mingine mitatu, ikaitwa Jeevani. Mwaka 1995 taasisi ikaipa kampuni moja ya dawa za Ayurveda leseni ya miaka 7, kwa rupia milioni 1 na mrabaha wa asilimia 2 ya mauzo. Kisha taasisi ikaamua kwamba nusu ya ada na nusu ya mrabaha ziende kwa Wakani.

Tuseme ukweli: wakati ule hakukuwa na sheria ya India iliyoilazimisha taasisi hiyo kutoa hata rupia moja. Ilitoa kwa hiari yake, na kwa jambo hili ilisifiwa duniani, ikawa miongoni mwa mifano ya mwanzo ya kugawana faida na jamii ya asili baada ya Mkataba wa Bioanuai wa mwaka 1992. Mwenye kufanya wema husifiwa. Lakini wema bila utaratibu huzaa ugomvi, nao ulizaa.

Kwanza, walioifichua siri walikuwa waongozaji wachache, na siri ilikuwa ya watu wote. Miongoni mwa Wakani wamo waganga waitwao plathi, ambao kwa mila ndio wabebaji wa elimu ya dawa. Mwaka 1995 waganga 9 wa upande wa Vithura walimwandikia Waziri Mkuu wa jimbo wakipinga elimu yao kuuzwa kwa makampuni binafsi. Hii ndiyo mas'ala ya mshirika mmoja kutoa haki ya wenzake, imetokea kama ilivyoandikwa katika vitabu vyetu.

Pili, fedha zilipatikana kabla ya kupatikana wa kuzipokea. Kabila halikuwa na chombo kinachotambuliwa na sheria. Mfuko wa amana wa Wakani uliandikishwa mwaka 1997, miaka 10 baada ya siri kutoka, na ni mwaka 1999 tu ndipo ulipopokea fungu la kwanza, rupia laki 5 na kitu. Na kwa kuwa Wakani wametawanyika katika serikali za vijiji mbalimbali, wale wa Kuttichal walikuwa karibu zaidi na mradi, na wa Vithura na Peringamala wakajiona wako mbali nao.

Tatu, na hili ndilo linalogusa maudhui yetu zaidi, serikali haikuwa mkono mmoja. Taasisi ya utafiti ya serikali inasema, limeni arogyapacha mpate kipato. Idara ya misitu ya serikali hiyohiyo inasema, mmea huu umo katika msitu wa hifadhi, hamruhusiwi kuchuma majani na kuyauza. Idara ya makabila ina rai yake, na taasisi ya utafiti wa makabila ina rai nyingine, tena ya kupinga. Mkani ana elimu inayotambuliwa, na hana ruhusa ya kuugusa mmea wenyewe. Na wakati huo huo wageni waliosikia habari zake wakaingia msituni kuung'oa.

Nne, jina la Jeevani halikuandikishwa nchi za nje. Kampuni ya Marekani ikaliandikisha kwao kama alama yake ya biashara.

Basi linganisha. Bani Abi Shuaib walilindwa na siri, na siri ikavuja. Wakani walilindwa na mkataba, lakini mkataba uliwajali waliokuwapo mezani ukawasahau waliokuwa nyuma ya mlima.

DAFTARI LA SERIKALI

Baada ya mambo haya, India ilitunga Sheria ya Bioanuai ya mwaka 2002. Sheria hiyo imeweka ngazi tatu: mamlaka ya taifa iliyoko Chennai, bodi za majimbo, na kamati katika kila serikali ya mahali, hata ya kijiji. Kamati ya kijiji ndiyo inayotunza daftari la mimea, wanyama na elimu ya wenyeji kwa kushauriana nao. Waganga wa kienyeji, wanaojulikana kama vaidya na hakimu, waliachwa huru kuendelea na tiba yao. Huu ni uadilifu mkubwa. Lakini tazama neno moja la sheria: ngazi za juu zinatakiwa kushauriana na kamati za vijiji kabla ya kutoa ruhusa. Kushauriana si kupata idhini. Anayeshauriwa husikilizwa, mwenye idhini ndiye anayeweza kusema hapana.

Kwa nini basi kuandika? Kwa sababu kutoandika nako kuna madhara. Mwaka 1995 watafiti wa chuo kimoja cha tiba cha Mississippi, Marekani, walipewa hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi, juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano hayahaya ya jikoni! Baraza la utafiti wa sayansi la India likapinga kwa maandishi ya kale, ya Kisanskriti, Kiurdu na Kihindi, na hataza ikafutwa mwaka 1997. Sheria ya Marekani ya wakati huo haikuzingatia matumizi ya nchi za nje ikiwa hayakuandikwa. Sharti hili liliondolewa kwa sheria ya mwaka 2011. Maana yake ni kuwa ajuza wa kijijini aliyetibu kwa manjano miaka 60, mbele ya ofisi ile, alikuwa kama hakuwapo, mpaka apatikane aliyeandika. Mwarobaini wetu nao, ambao asili yake ni Bara Hindi, ulitolewa hataza Ulaya mwaka 1994 kwa mafuta yake ya kuua kuvu wa mimea, ikafutwa mwaka 2000 na rufani ikakataliwa mwaka 2005.

Kutokana na misukosuko hiyo, mwaka 2001 India ilianza kujenga maktaba ya kompyuta ya elimu ya asili. Na sisi wanafunzi wa Kiarabu tunayo sababu ya kuijali, kwa sababu imechimba humo vitabu vya tiba ya Yunani, yaani tiba ya Ibn Sina na wafuasi wake, kutoka Kiarabu, Kiajemi na Kiurdu, ikavifasiri kwa lugha 5 ambazo wakaguzi wa hataza wanazisoma. Vitabu vilivyoonekana kuwa vya kuwekea vumbi vimekuwa mashahidi mahakamani. Ofisi za hataza zilipewa kuisoma kwa mkataba wa kutotoa siri. Hata hivyo mwezi wa Agosti 2022 serikali ya India iliidhinisha kuifungua maktaba hiyo kwa watumiaji wengine. Vitabu vya Ibn Sina vimechapwa karne nyingi, kwa hiyo havina siri ya kupoteza. Lakini jambo hili linaonyesha kuwa ufunguo ulioko mkononi mwa serikali hufungua siku serikali inapotaka.

Hapa pana tofauti ambayo wengi huichanganya. Elimu iliyokwisha kuenea, kama manjano na mwarobaini, ulinzi wake ni kuiandika na kuitangaza ili asije mtu akadai ameivumbua yeye. Elimu ambayo bado ni siri ya ukoo, kama arogyapacha ilivyokuwa kabla ya 1987, ukiiandika na kuitangaza umeimaliza. Dawa ya kwanza ni sumu kwa ya pili. Na ofisa mwenye fomu moja kwa aina zote mbili, hata akiwa na nia njema, atadhuru.

KWETU AFRIKA MASHARIKI

Jambo hili limekwisha fika mlangoni. Kenya ilitunga mwaka 2016 Sheria ya Kulinda Elimu ya Asili na Vielelezo vya Utamaduni, nayo imezipa serikali za kaunti kazi ya kuandikisha kwanza elimu ya jamii zilizomo katika kaunti zao, kuitunza na kuilinda. Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, ikaunda Baraza la kuwasajili waganga. Lakini hiyo kazi yake kubwa ni kumsimamia mganga, na kumsimamia mganga si kuilinda elimu yake. Shirika la Afrika la Miliki Bunifu, ARIPO, lilipitisha Itifaki ya Swakopmund mwaka 2010. Na mwezi wa Mei 2024 huko Geneva ulipitishwa mkataba wa dunia unaomtaka mwombaji wa hataza ataje asili ya mmea, na elimu ya wenyeji aliyoitegemea. Kwa maneno mengine, dunia baada ya karne 8 inarudi kwenye sharti la Ibn al-Baitar: taja uliyepokea kwake.

Hatusemi kuwa watu waikimbie serikali. Serikali ya mahali ndiyo iliyo karibu, ndiyo yenye wakili, muhuri na sauti mbele ya makampuni. Mkani peke yake asingeweza kuandikiana na kampuni. Tunasema kuwa serikali iingie kama nadhiri wa wakfu anavyoingia: anatunza, anatetea, anatoa hesabu, na wala mali si yake. Nadhiri akiigeuza wakfu kuwa milki yake, kadhi humwondoa.

Kwa hiyo yapo mambo ambayo wazee, waganga na wakunga wa kila jamii wanapaswa kuyatengeneza kabla ya kalamu ya ofisa kugusa karatasi.

Kwanza, wajijue wenyewe ni nani. Wakutane, wa mji huu na wa ng'ambo, waume na wake, waandikishe chombo chao na wakubaliane nani anayesema kwa niaba yao. Wakani walikifanya hiki mwisho. Kilitakiwa kuwa mwanzo.

Pili, waigawe elimu yao mafungu mawili: iliyoenea na iliyo siri. Iliyoenea iandikwe wazi na tarehe, na jina la jamii litajwe. Iliyo siri iandikwe na wenyewe, kwa lugha yao, ikae kwao, na katika daftari la serikali liingie jambo moja tu: kwamba jamii fulani ina dawa ya maradhi fulani, na anayeitaka awafuate. Hivyo haki imethibitishwa na siri haikutoka.

Tatu, katika makubaliano litafutwe neno idhini, si neno ushauri peke yake. Na fungu lao litajwe kwa kiwango kinachojulikana, kwa muda unaojulikana, kwa sababu ujinga wa thamani ni gharari, na gharari huharibu mkataba.

Nne, waulize juu ya mmea wenyewe. Haki ya elimu bila ruhusa ya kuchuma ni ufunguo bila mlango. Idara ya misitu na halmashauri zikae meza moja nao, na jawabu liandikwe.

Tano, watafiti wetu na wanafunzi wa vyuo wajue kuwa neno la mzee chini ya mwembe ni riwaya kama riwaya nyingine. Kuandika kuwa wenyeji hutumia mmea fulani, bila kusema ni wenyeji gani, ni kukata sanadi. Na wajue pia mipaka: aliyeelezwa siri kwa sharti la kutoitoa, ameshika amana.

Na upo wajibu upande wa wenye elimu nao. Siri isiyorithishwa ni mali iliyotupwa baharini. Bani Abi Shuaib, pamoja na choyo chao, hawakuacha kumfundisha mrithi. Leo wazee wengi wanalalamika kuwa vijana hawataki, na vijana wanasema hawakuitwa. Mwenye dawa na asimngoje ofisa wa kaunti. Amwite mwanawe kwanza.

Wallahu aalam, na kwake ndiko kwenye tawfiki.